Tundu Nililolikuta Kwenye Plani

Siku mliponiaga nilipostaafu mlipika bukari, ugali wetu wa huku, na samaki wa Kasenga, na mmoja wenu akaniuliza mbele ya wote, "Muzee, ku kazi yetu hii, chombo gani kinapita vyote?" Nikajibu kwamba ni teodoliti, ile darubini ya kupimia pembe. Mlipiga makofi. Lilikuwa jibu la kufaa sherehe, lakini halikuwa la kweli, na tangu siku ile limenikaa kooni kama mwiba wa wale samaki wenu. Ninaandika kurasa hizi ili nilirekebishe.

Niliingia biro ya mipango ya mji nikiwa na diploma ya sekondari, suruali moja iliyopigwa pasi, na imani kwamba nimekwisha kujifunza. Jimbo letu lilikuwa linaitwa Shaba siku zile. Tulikuwa tumeacha majina ya ubatizo, na kila mtu alikuwa "citoyen", yaani raia, hata yule usiyetaka kumsalimia. Chumba cha kuchorea kilinuka amonia ya mashine ya kutoa nakala. Mashine ile ilikula kikombe kimoja tu cha dawa, na kila ilipowashwa tulifungua madirisha yote tukatoka kukohoa uani. Kwa kikombe kimoja tulijua kujikinga.

Sikupewa meza. Nilipewa mnyororo wa kupimia, na mtu wa kunionyesha namna ya kuuvuta. Aliitwa muzee Ngoie. Alikuwa amevuta mnyororo tangu wakati wa Wabelgiji, na miguu yake ilijua mji kuliko ramani. Hakujua kusoma zaidi ya tarakimu. Nilimwambia kwamba mimi ni mchoraji, si mvuta mnyororo. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Benye diplome banaanza ku munyororo, mwana. Kalamu haina miguu. Utachora nini, na hauyatembea?"

Nikavuta mnyororo majuma sita. Mikono ilitoka malengelenge, lakini nilijifunza kwamba mita hamsini za kwenye karatasi na mita hamsini za kwenye nyasi zenye miiba si ndugu.

Muzee Ngoie alikuwa na desturi moja iliyonichekesha. Kabla hatujasimamisha teodoliti, alisimika ile fimbo ndefu yenye rangi nyekundu na nyeupe, na juu yake alifunga kipande cha kitambaa. Kisha alisimama akikitazama. Nilimwuliza kitambaa kinapima nini. Alisema hakipimi kitu, kinasema. "Inasema mupepo inatoka wapi. Wazungu balipanga huu muji na pua. Balijiweka kule moshi haifike. Sisi, balituweka kule inafika. Sasa njo tunapanga siye. Tusisahau pua." Nilidhani ni ushirikina wa wazee. Nilikuwa nimesoma jiometria.

Nilipopewa meza hatimaye, nilipewa pia mafaili ya viwanda vya hatari. Sheria ilikuwa ya zamani na fupi. Kiwanda kikiwa na moto, sumu au baruti, unachora duara kukizunguka, na ndani ya duara hilo mtu hajengi. Kwa kiwanda cha asidi kilichokuwa pembeni mwa mji, upande wa kuelekea mtaa wa Annexe, duara lilikuwa la mita mia tano. Kwenye plani yetu, yaani ramani ya mji, mita hamsini zilikuwa sentimeta moja, kwa hiyo unafungua kompa, ile bikari ya kuchorea duara, sentimeta kumi, unachoma sindano yake katikati, unazungusha. Kazi ya dakika moja. Jina la kiwanda siliandiki hapa. Mwenye kosa ninalolieleza si kiwanda.

Katikati palikuwa shemine, lile bomba refu la moshi lililojengwa kwa matofali. Kila mpimaji wa Lubumbashi aliipenda shemine ile. Ilionekana kutoka mtaa wetu wa Kenya, kutoka mtaa wa Katuba, kutoka kila kichuguu. Ukipotea porini uliielekezea darubini ukajua uko wapi. Kwenye plani ilikuwa na alama ya pembetatu, na ndani ya pembetatu palikuwa na tundu dogo la sindano. Walionitangulia walikuwa wamechoma hapo. Nami nilipochora duara upya kwenye plani ile ile, kwa kuwa wino wa zamani ulikuwa umefifia, sindano ya kompa yangu iliingia katika tundu lile yenyewe, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Nilifurahi. Mchoraji hufurahi asipotoboa karatasi mara mbili.

Sheria ilitaka jambo lingine pia. Kabla ya kugawa ardhi karibu na kiwanda cha hatari, lazima daftari liwekwe mahali pa watu wote kwa mwezi mmoja, ili mwenye hofu au lalamiko aandike. Tuliliweka katika ofisi ya chama, juu ya meza iliyokuwa chini ya picha ya Rais, na kijana wa chama ameketi kando yake akiuliza jina la kila aliyeingia. Daftari lilirudi jeupe. Lilirudi jeupe kila mara. Nami kila mara niliandika kwa mwandiko mzuri: "Hakuna lalamiko." Nilikuwa ninaamini ninachoandika. Ni afadhali ningekuwa mwongo.

Uamuzi ulitoka wa kugawa safu tatu za viwanja nje ya duara, upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda, kando ya mfereji wa maji ya mvua. Watu walikuwa wengi, mji ulikuwa umejaa, na ardhi ile ilikuwa tupu na tambarare. Tulikwenda kupanda mawe ya mipaka.

Hapo ndipo nilipomjua mama Zaina. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Kenya, wa familia ya Waislamu waliotoka Maniema zamani za babu zao. Alikuja na mumewe, mzee Ramazani, fundi wa kofia na kanzu, mtu mpole mwenye kifua dhaifu. Walikuwa wamepanga chumba kimoja miaka mingi, na mama alikuwa amefika biro yetu mara nyingi mpaka mlinzi alikuwa anamwita shangazi. Aliomba apewe kiwanja cha safu ya kwanza, karibu na mfereji, ili apande lengalenga, ule mchicha wetu, na matembele.

Alimwona muzee Ngoie akifunga kitambaa chake kilichochakaa, akacheka. "Muzee, hii bendera yako inazeeka kukupita! Ngoja." Alifungua kikapu, akatoa mabaki ya kitambaa chekundu. Wakakaa juu ya jiwe, na muzee akamweleza mambo ya upepo: kwamba wakati wa baridi unatoka kusini-mashariki asubuhi, na kwamba moshi mbaya ukikujia usikimbie mbele yake. "Mupepo iko na mbio kukupita. Ukatize. Sawa vile unakatiza barabara." Mimi nilikuwa ninaangalia saa.

Kisha mama Zaina alinigeukia. "Citoyen, kule ku njia ya reli, majani yote iko nyekundu, inakufa. Na ile mawago inatoka moshi mweupe, hata hakuna moto. Ile si mubaya?"

Nikamwambia, "Kama una lalamiko, kulikuwa daftari ku biro ya chama."

"Nilifika kule. Yule kijana akaniuliza jina yangu na ya bwana yangu. Nikamwambia nilikuwa natafuta mayi ya kunywa."

Muzee Ngoie alicheka, mimi sikucheka. Nilifungua plani juu ya goti langu, nikamwonyesha mstari. Nilisema kwa sauti ya mtu wa serikali, "Mama, duara ni hili. Kiwanja chako ni hiki. Uko nje. Usiogope." Alitazama mstari ambao hakuujua, kisha akanitazama mimi ambaye alidhani ananijua. Akasema, "Kama weye njo unasema, basi."

Baada ya kazi muzee Ngoie hakuelekea kwenye gari. Alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye njia ya reli ya kiwanda, upande wa pili kabisa kutoka kwenye shemine, ule unaoelekea viwanja. Mabehewa ya tangi, yale mawago ya mama Zaina, yalikuwa yamepangwa pale, na wafanyakazi walikuwa wanajaza asidi nzito kwa bomba nene la mpira. Ni asidi ya aina inayotoa moshi ikikutana na hewa. Pale mpira ulipoungwa, ukungu mweupe ulikuwa unashuka chini, haupandi. Uliteleza juu ya changarawe ukaingia mferejini. Kitambaa chekundu cha mama Zaina, juu ya fimbo ya muzee, kilikuwa kimenyooka kuelekea viwanja.

"Mwana," akasema, "ile shemine haiue muntu. Inatupa moshi yake kule juu, inapita. Inaua ni hii. Sasa niambie, ile duara yako ulianzisha wapi?"

Tulivuta mnyororo sisi wawili, bila kuitwa na mtu. Kutoka shemine mpaka pale mpira ulipoungwa palikuwa na mita mia tatu na hamsini. Kwenye plani ni sentimeta saba, upana wa vidole vinne. Ukihamisha sindano vidole vinne, safu zote tatu zinamezwa.

Ninyi vijana mnajua kwamba makosa ya kupima husahihishwa. Lile langu lilikuwa bado kosa la kupima. Watu hawakuwa wamejenga. Mawe ya mipaka hung'olewa kwa siku moja. Niliandika mistari mitano kwenye nusu karatasi kumweleza mkuu wa biro, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa shati, na asubuhi nikapanda ngazi.

Mkuu wetu alikuwa mtu wa kelele lakini si mkatili. Alikuwa anajaribu abakosti mpya, ile suti isiyo na tai ya wakati ule, kwa sababu Jumamosi hiyo angegawa hati mbele ya wakubwa wa komini, yaani wilaya, na ngoma zilikuwa zimekwisha kuagizwa. Aliuliza, "Plani iko tayari?"

"Iko tayari, citoyen."

"Kuko probleme?"

Karatasi ilikuwa mfukoni, juu ya moyo. Nilimwona akifunga kifungo cha juu mbele ya kioo. Nikawaza juu ya mawe ya kung'oa, nikawaza juu ya mama Zaina aliyengoja miaka, nikajiambia kwamba kumnyima sasa ni ukatili. Hivyo nilijiambia. Ukweli ni kwamba niliona aibu kusema kwamba mimi, mwenye diploma, niliingiza sindano katika tundu nililolikuta bila kuuliza nani alilichoma na alikuwa anaogopa nini. Walionitangulia walikuwa wanaogopa moshi wa shemine. Njia ya reli ya asidi ilikuja miaka mingi baada yao. Tundu lilikuwa sahihi kwa hofu ya zamani.

"Hapana, citoyen," nikasema. "Hakuna probleme."

Jumamosi hiyo ngoma zililia, na mama Zaina alipokea hati yake kwa mikono miwili.

Miaka minne ilipita bila kitu. Ninawaambia hivyo ili mjue kwamba miaka minne ya salama si ushahidi. Nyumba zilijengwa kwa matofali ya kuchoma. Mzee Ramazani alipanda lengalenga. Nilipopita, alinipa fungu, nami nililipokea. Mke wangu alilipika, nikala.

Ilikuwa mwezi wa Juni, asubuhi ya baridi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amewapanga watu wa safu tatu kuzibua mfereji. Watu wazima karibu wote walikuwa ndani ya mfereji, na majembe, mpaka kiunoni. Huko kwenye reli mpira ulipasuka. Walioona wanasema ukungu haukuja kama moshi. Ulikuja kama maji, ukifuata mfereji.

Watu walikimbia kama yeyote angekimbia, wakiupa mgongo, ndani ya mfereji ule ule, kuelekea ulikokuwa unaelekea. Mama Zaina alikuwa uani akianika nguo. Aliona nguo zote zimenyooka upande mmoja, akakumbuka muzee na kitambaa chake. Alipiga kelele, "Katizeni! Katizeni!" Waliomsikia walipanda ukingo wakakatiza upepo, wakapona. Mzee Ramazani alikuwa mbali, na kifua chake hakikuwa cha kupanda ukingo. Walikufa watu wanne. Yeye alikuwa wa tatu kupatikana.

Nilifika saa sita mchana na muzee Ngoie. Lengalenga zote zilikuwa zimegeuka rangi ya karatasi. Muzee alisimama juu ya ukingo, na mimi sikuthubutu kumtazama.

Tume iliundwa. Mabwana watatu waliketi katika chumba chetu cha kuchorea, na plani ilikuwa imebandikwa ukutani. Niliitwa. Wa katikati aliniuliza, "Hii plani ni yako?"

"Ni yangu."

"Viwanja viko ndani ya duara ao inje?"

"Viko nje."

"Daftari la malalamiko linasema nini?"

"Linasema hakuna."

Akawageukia wenzake. "Plani iko juste. Sheria ilifuatwa." Kisha kwangu, kwa upole, kama anayenipa zawadi: "Citoyen, hauna kosa."

Hakuna aliyeniuliza katikati ya duara ni wapi. Nilingoja swali hilo. Ninaapa kwamba lingeulizwa ningejibu. Lakini mtu anayengoja kuulizwa ili aseme ukweli amekwisha kuamua kunyamaza, na mimi nilinyamaza mpaka mlango ulipofungwa nyuma yangu. Katika ripoti waliandika kwamba marehemu walikuwa mahali pasipo na hatari. Mchoro wangu ndio uliothibitisha hilo.

Muzee Ngoie alikuwa anangoja uani, fimbo mkononi. Yeye hakuitwa, mvuta mnyororo haitwi na tume.

"Balikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ulibaambia vidole vine?"

Nilitazama viatu vyangu. Alifungua kile kitambaa chekundu kwenye fimbo, polepole, kwa sababu fundo lilikuwa limekazwa na mvua za miaka minne. Akakikunja akakitia mfukoni. Akasema, "Sawa, chef." Tangu siku ile mpaka alipostaafu hakuniita tena mwana. Aliniita chef, yaani mkubwa, kwa heshima kamili, mbele ya watu na faraghani. Nimepata vyeo baadaye, lakini hicho ndicho nilichopewa na muzee Ngoie, nami nilikistahili. Alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwomba msamaha. Nilibeba jeneza lake upande wa miguu.

Safu zile zilivunjwa baada ya msiba, kimya kimya, na kiwanda kikahamisha njia yake ya reli. Mimi nilirekebisha nilichoweza. Ninyi mlionifuata mnajua nilivyokuwa ninawasumbua: kila faili la kiwanda, lazima mtembee kwa miguu mpaka mguse tangi lenyewe, kila daftari, lazima mwende sokoni na penye bomba la maji mkaulize watu kwa mdomo, bila kuandika majina. Mlininung'unikia kwamba muzee ana wasiwasi. Sasa mnajua wasiwasi ulitoka wapi.

Wiki moja baada ya bukari yenu, niliazima plani ile ya zamani kutoka droo ya tatu ya biro, nikaifunga katika gazeti, nikaenda Kenya kumtafuta mama Zaina. Amerudi katika chumba kimoja, na bado anashona. Alinitambua mlangoni.

"Ni weye wa duara," akasema. "Ingia, baba. Kikombe kiko kimoja tu, utangoja nimalize." Ndivyo alivyo.

Nilimweleza kila kitu, shemine, njia ya reli, karatasi iliyobaki mfukoni, tume. Mashine yake ilikuwa imenyamaza.

"Miaka yote," akasema, "banaambia Ramazani alikufa fasi ya salama. Dada zake banasema njo miye nilimuua, juu nilichagula kiwanja cha ku mufereji, juu ya lengalenga. Na miye nikakubali. Nikasema, kama Serikali inasema hapakuwa hatari, basi hatari ilikuwa miye."

Hilo sikuwa nimelijua. Nilidhani nimeua mara moja.

Aliomba plani. Aliinua karatasi mbele ya dirisha, na mwanga ukapenya katika tundu la shemine, nukta moja nyeupe.

"Njo hapa uliweka?"

"Ndipo hapo."

"Kashimo kadogo hivi." Akaishusha. "Na mawago?"

Niliweka vidole vinne kando ya tundu, nikamwonyesha. Alichomoa sindano kutoka kifuani mwa nguo yake, ikiwa na uzi mwekundu, akanipa. "Weka pa fasi yake."

Mkono wangu haukuwa tena wa mchoraji. Nilichoma. Tulipima sentimeta kumi za uzi kwa utepe wake wa fundi, nikashika sindano, naye akafunga kipande cha chaki kwenye ncha akazungusha. Mstari ulimeza safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukaenda mbele. Aliweka kidole kwenye kiwanja chake.

"Iko mu ndani."

"Imo ndani, mama."

"Sema kwa nguvu. Hawa ba jirani basikie."

Nikasema kwa nguvu, dirisha likiwa wazi: kwamba mzee Ramazani alikufa ndani ya hatari, kwamba mkewe aliuliza nami nikamjibu vibaya, kwamba duara lilikuwa la kwangu. Mlango wa jirani ulifunguka, mtu akasimama. Mama Zaina hakulia. Alikunja plani akanirudishia.

"Rudisha ku biro. Usizibe ile kashimo."

Nimeirudisha. Imo katika droo ya tatu, chini ya plani za Katuba. Ina matundu mawili, na jibu la swali lenu ni hilo: sindano, na mahali unapoichoma. Lile la kwanza mtalikuta ni jepesi, sindano itaingia yenyewe. La pili lina uzi mwekundu ndani yake, kwa sababu mama Zaina hakutaka niutoe.